Shujaa wa Chumba cha Juu

Watu wa mtaa ule ukiwauliza habari za jengo la sinema watakueleza mpaka uombe maji ya kunywa, na karibu yote watakayokueleza si kweli. Usiwaite waongo. Ni watu waliokuzwa na Kipaza, na mtu aliyekuzwa na Kipaza huona kwa masikio.

Kipaza si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watazamaji, kwa sababu kazi yake, tangu ujana hadi mvi, ilikuwa kusimama kando ya ukuta mweupe wa sinema, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu wale wanaoonekana ukutani wanasema nini. Filamu zilikuja katika lugha za kigeni, na lugha hizo Kipaza alikuwa hazijui hata kwa salamu. Jambo hilo halikumkosesha usingizi yeye, wala mwenye sinema, wala mtazamaji yeyote. Mwanamume akimfokea mwanamke ukutani, Kipaza alisema, "Huyo ni kaka mtu, anamuuliza nyumba ya marehemu baba yao ameiuza kwa ruhusa ya nani." Basi mtaa mzima ulilala na hasira na yule dada, na asubuhi watu waligawanyika pande mbili kuhusu ile nyumba.

Baadaye sana mwalimu mmoja aliyesoma ng'ambo alikuja kuwaambia kwamba wale wawili walikuwa mtu na mkewe, na walikuwa wakigombana kwa sababu ya mbwa. Walimcheka mpaka akaondoka.

"Kuna elimu nyingine," alisema kinyozi wa mkabala na sinema, "zinamharibu mtu hadi macho."

Jengo lenyewe halikujengwa liwe sinema. Lilijengwa na mfanyabiashara mmoja liwe ghala la ngozi, ndiyo maana lilikuwa refu, zito, lisilo na madirisha, na ndiyo maana siku za joto watazamaji walinusa mbuzi hata katika filamu zenye theluji. Mfanyabiashara alipofariki, mwanawe, ambaye hakupenda ngozi wala kazi, alipaka ukuta mmoja chokaa, akapanga viti, akanunua mashine kuukuu ya kuonyeshea filamu, akaanza kujiita mkurugenzi.

Mkurugenzi huyu alikuwa na mkono wa birika. Filamu alizikodi kwa kushirikiana na sinema kubwa ya katikati ya mji. Filamu moja ilikuwa na mikanda kadhaa, kila mkanda katika kopo lake la bati. Mkanda wa kwanza ukimalizika kule mjini, jamaa mmoja wa baiskeli aliufunga nyuma na kuuleta mbio mbio, kisha akageuza kuufuata wa pili. Baiskeli ikipata pancha, filamu ilikatika njiani. Hapo ndipo Kipaza alipokula mshahara wake kwa haki. Alizungumza gizani mpaka baiskeli ifike, akiwaeleza watu yule tajiri wa kwenye filamu anafanya nini sasa hivi huko aliko.

Kuna siku mkanda wa mwisho haukufika kabisa. Jamaa wa baiskeli alikuwa ametumbukia mtaroni, yeye na baiskeli na mwisho wa filamu. Watu walianza kupiga viti teke. Kipaza akaomba taa zibaki zimezimwa, akakohoa kidogo, akausimulia mwisho wote mbele ya ukuta mtupu: mvua, daraja, farasi anaruka, mama mzazi anamtambua mwanawe kwa kovu la shingoni. Watu walilia. Mwanamume wa kiti cha mbele aliinamisha kichwa farasi asimkanyage. Walipotoka nje walikuwa wakizungumzia uzuri wa lile daraja, na mpaka leo kuna wazee watakaokuchorea daraja lile mchangani, na nguzo zake. Mkurugenzi alipoona hivyo akafikiri kama mkurugenzi. Tangu siku hiyo, mara kwa mara, mikanda ya mwisho hakuikodi tena.

Mke wa Kipaza alikuwa muuza tiketi wa sinema hiyo hiyo. Alikaa mlangoni ndani ya kijumba cha mbao chenye kitundu cha kupitisha mkono, na Kipaza aliipenda mikono kabla hajauona uso. Alipouona uso hakubadili nia, ingawa mkewe alidai kwamba alisita kidogo, na alimkumbusha kusita huko kila walipogombana. Mkurugenzi, kwa ukarimu ambao haukumgharimu kitu, aliwapa chumba cha juu, jirani na chumba cha mashine, kilichokuwa stoo ya mabango. Humo walianza maisha, humo walilea binti yao mmoja, na humo, baada ya binti kuolewa, mkewe alimfia Kipaza mikononi. Tangu siku ile Kipaza alikata shauri kwamba yeye naye atatoka mle akiwa amebebwa, na hakukuwa na jambo jingine duniani alilolitaka.

Kufikia hapo sinema yenyewe ilikuwa imeshakufa. Televisheni zilikuwa zimeingia majumbani, na watu walipendelea kulala usingizi mbele ya filamu kwao kuliko kulipia usingizi huo. Jengo likawa ukumbi wa sala, likawa ghala la saruji, likawa ukumbi wa muziki, likawa ofisi ya chama cha watu ambao hawakuwahi kuelewana ni chama cha nini. Kila mpangaji mpya alimkuta Kipaza juu, akadhani amekuja na jengo kama nguzo zake, akamwacha. Mwishowe walibaki yeye na njiwa.

Kisha mkurugenzi akafariki, na warithi wake, ambao walikuwa hawapatani hata juu ya saa iliyo ukutani, walipatana kuuza. Mnunuzi alitaka kiwanja tu, ajenge maduka ya ghorofa. Asubuhi moja vijana wawili walikuja na kopo la rangi, wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa mbele, wakaondoka bila kumsemesha mtu.

Binti yake, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa upande wa pili wa mji, alikuja siku hiyo hiyo.

"Baba, sasa imetosha. Njoo ukae kwetu. Chumba kipo, maji yapo ndani, wajukuu wanakuulizia."

"Mama yako yuko hapa."

"Mama yuko makaburini, Baba. Nilikuwepo."

"Huko alipelekwa tu," alisema Kipaza. "Aishi huko kwa nini, na nyumba anayo?"

Binti alishika tama. Alimjua baba yake, na alijua kwamba akianza kusema hivyo hakuna mtu wa kumtoa.

Aliyeleta wazo alikuwa kinyozi. Kinyozi huyu alikuwa na redio, na redio ilimfanya mjuzi wa kila jambo kuanzia mvua hadi mishahara ya mabalozi. Alimwambia Kipaza kwamba serikali ina ofisi inayolinda majengo ya kihistoria, na kwamba jengo likishaingia katika ulinzi huo, hata mwenye X yake nyekundu hawezi kuligusa tofali. Kinachotakiwa ni historia tu.

"Historia ninayo," alisema Kipaza.

Watu wa ofisi hiyo ya urithi wa taifa waliitwa wakafika, mkubwa wao mbele, mwanamume wa viatu vya kung'aa aliyetembea kwa kuruka mavi ya njiwa. Nyuma yake alikuwa karani wake, na nyuma ya karani mtaa mzima, maana watu wale hawakuwa wameingia sinema siku nyingi na kiingilio siku hiyo kilikuwa bure. Kipaza alivaa koti lake la kazi. Akaanza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ndani ya jengo lile, kusema kweli tupu. Aliwaeleza ngozi. Aliwaeleza chokaa. Aliwaeleza jamaa wa baiskeli na pancha zake. Mkubwa alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja lifti, kisha akamkata.

"Mzee wangu, haya ni mazuri, lakini ni burudani. Watu kukaa na kuangalia picha si historia. Hakuna mtu yeyote mzito aliyewahi kupita hapa? Enzi zile za kupigania uhuru, kwa mfano? Fikiri vizuri."

Kipaza alifikiri. Kutoka pale aliposimama aliweza kuona, kupitia mlangoni, mguu mmoja wa ile X ukutani. Watu walikuwa wakimtazama. Jengo lilikuwa giza kama zamani. Akakohoa kidogo, na mtaa mzima, ambao ulikujua kukohoa kule, ukatafuta mahali pa kukaa.

"Yupo mmoja," alisema. "Lakini jina lake silijui, maana jina lake lilikuwa siri. Akilitaja, wengine wanakufa."

Karani akatoa kalamu.

Ikaja yote. Shujaa aliingia mlangoni na watazamaji wengine, kofia imefunika macho, askari wa mkoloni wako nyuma yake. Filamu ilipomalizika watu wote walitoka, yeye hakutoka. Askari wakapekua chini ya kila kiti. Alikuwa juu. Alikaa juu mle mvua zikaja zikaenda, akipanga mipango ya ukombozi kwa sauti ya chini, na risasi zilipopigwa katika filamu ndipo naye alipofanya mazoezi ya bastola, ili milio ichanganyike. Kipaza alisema hayo yote bila kipaza sauti, na sauti ikafika hadi viti vya nyuma.

"Juu wapi?" aliuliza mkubwa, na sasa hata viatu vyake alikuwa amevisahau.

Hapa Kipaza alikuwa na nafasi ya kusema popote. Angeweza kusema chumba cha mashine. Angeweza kusema darini. Lakini aliwaza haraka, na aliwaza kama mtu anayejitafutia salama: kama kuna chumba kimoja kitakacholindwa kwa nguvu zote za serikali, basi kiwe chake. Akanyoosha kidole kwenye ngazi za chumba cha juu.

Mkubwa akawageukia watu. "Kuna shahidi yeyote?"

Mtaa mwingine ungekaa kimya. Mtaa ule ulipanga foleni. Mwanamume mmoja alisema yeye ndiye aliyewapoteza askari njia, ingawa kwa umri wake angekuwa amewapoteza akiwa bado hajazaliwa. Kinyozi alisema marehemu baba yake ndiye aliyemnyoa shujaa, na kwamba alikuwa na nywele ngumu. Kisha akainuka Mama Mkunga, mwanamke aliyekula chumvi nyingi kuliko wote, aliyewazalisha nusu ya waliokuwa mle ukumbini, na kila mtu akanyamaza kwa heshima.

"Chai nilimpelekea mimi," alisema. "Alikuwa haweki sukari."

Mkubwa wa ofisi alivua miwani akaifuta. Niseme ukweli, sina sababu ya kumcheka sana. Alikuwa mtu aliyetumwa kutafuta shujaa, na hapa alikuwa amempata, na shujaa mwenyewe hana jina, yaani hana ndugu watakaokuja kudai chochote.

Jengo likaokolewa. X ikasuguliwa kwa maji na sabuni na vijana wale wale walioichora, na mnunuzi akarudishiwa fedha zake huku akilalamika. Mtaa ulimbeba Kipaza juu juu hadi kwa kinyozi, akanyolewa bure. Binti yake alipofika alimkuta anacheka peke yake kitandani, na yeye naye akacheka, kwa sababu baba yake alikuwa ameshinda serikali na matajiri kwa mdomo mtupu.

Wiki chache baadaye karani alikuja peke yake, akapanda ngazi, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa mtu mwema na kazi ile ilimwia ngumu.

"Mzee, kwanza ofisi inakushukuru sana. Pili, tunaomba utuachie chumba."

"Chumba hiki?"

"Ni sehemu takatifu ya taifa sasa. Haiwezekani mtu akaanika soksi humu."

Kipaza alimtazama, akatazama soksi, akatazama kitanda. Ningependa kukuambia kwamba alipigana. Angepigana vipi? Kila neno ambalo lingemsaidia lingeanza na kukiri kwamba hakukuwa na shujaa, na pasipo shujaa ile X ingerudi kesho yake. Alisema uongo, chumba kikapona naye yuko nje; akisema kweli, chumba kinabomolewa naye yuko nje vile vile. Alikusanya koti, kandambili na picha ya mkewe. Kitanda walimwambia akiache, kwa kuwa kilimfaa shujaa.

Alihamia kwa bintiye. Chumba kilikuwepo, maji yalikuwepo, wajukuu walimpenda, mkwewe alimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote. Kipaza alikonda. Alikula, akashukuru, akakaa barazani akitazama upande ambao sinema ilikuwepo, na kutoka pale haikuonekana. Binti aliona yote hayo. Siku ofisi ilipolifungua jengo kwa wageni, aliomba ruhusa dukani, akamshika baba yake mkono, wakaenda.

Jengo lilipakwa rangi ya maziwa. Njiwa walifukuzwa. Mwongoza wageni alikuwa msichana mwenye fulana ya ofisi na sauti nzuri iliyo wazi, na Kipaza, ambaye kazi hiyo aliifahamu, alikubali moyoni kwamba anapumua mahali panapostahili. Watu wa mtaa walikuwa wengi kuliko wageni. Walipanda ngazi taratibu, Mama Mkunga akishikiliwa na wajukuu wawili, mpaka chumba cha juu, wakasimama nyuma ya kamba.

Kitanda kilikuwa pale pale. Kando yake paliwekwa kimeza na kikombe alichokitoa Mama Mkunga mwenyewe. Ukuta ambao mke wa Kipaza alikuwa akipigilia misumari ya kuning'inizia kila kitu ulikuwa umezibwa na kulainishwa.

"Hapa," alisema msichana, "ndipo Shujaa wetu alipoishi peke yake. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Aliyatoa yote. Alipoondoka chumba kilifungwa, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulala humu."

Kipaza alikuwa amejiapiza kunyamaza. Lakini kile kilichosemwa kilimchoma pabaya, na kabla hajajizuia alikuwa ameshasema.

"Mimi nimelala humu. Na mke wangu amelala humu. Kitanda hicho tulikinunua kwa fundi seremala wa nyuma ya soko. Na mtoto wetu amezaliwa juu yake."

Watu waligeuka. Alimshika binti yake begani na kumsogeza mbele, kana kwamba anamwonyesha ushahidi.

"Huyu hapa. Nilikuwa chini, kazini. Filamu ilikuwa ya ngumi, watu wawili wanapigana juu ya paa la treni. Nikasikia sauti ya mtoto kutoka juu, ukumbi wote ukasikia. Nikawaambia watu, ngojeni kidogo, hao acheni wapigane. Mtoto ni wa kike. Watu wote wakasimama, wakapiga makofi, wengine hawakurudi hata kwenye viti, wakaja ngazini kunipa mkono."

Msichana wa fulana alitabasamu kwa upole, kwa jinsi walivyofundishwa.

"Asante, Babu. Ila tunaomba, mbele ya wageni, tusiipotoshe historia."

Kipaza akamgeukia kinyozi. Kinyozi aliangalia dari. Yeye alikuwa ameshaanza kukumbuka kwamba Kipaza siku zote alilala chini, katika kijumba cha tiketi. Akamgeukia Mama Mkunga.

"Mama, waambie. Wewe ndiye uliyemzalisha huyu. Ulipanda ngazi hii hii na beseni la maji ya moto."

Mama Mkunga alimtazama kwa huruma. Hakuwa anadanganya. Alikuwa mtazamaji mzuri kuliko wote, na jambo akishalisikia kwa Kipaza likisimuliwa vizuri, alikuwa amekwisha kuliona.

"Mimi ngazi hii niliipanda na chai, mwanangu," alisema. "Tena haina sukari."

Wageni wakacheka kidogo, msichana akaendelea na maelezo, na kundi likasogea kuelekea chumba cha mashine. Walibaki wawili mbele ya kamba, baba na binti. Binti alimshika baba yake mikono yote miwili, akaangalia nyuma kama hakuna anayesikia, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, hiyo habari ya wewe kunitangaza siku niliyozaliwa. Ni kweli ilitokea, au ndiyo mambo yako?"

"Ni kweli," alisema Kipaza.

Lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ile ile ya kazini, nzito, iliyotulia, inayofika hadi viti vya nyuma. Aliisikia mwenyewe. Alijaribu kuisema tena kwa sauti nyingine, akakuta hana nyingine. Binti yake alimwitikia kwa kichwa, kwa upendo kabisa, vile watu wanavyowakubalia wazee, akamwongoza taratibu kushuka ngazi.